Upinde Aliochaguliwa Mumo

"Upinde wa mtoto haupimwi kwa mkono wa baba." Juzi mlimsikia shangazi yenu akimrushia mumewe maneno hayo, mkacheka hadi mkashika mbavu. Haya, sogeeni. Mkijua yalikotoka, sidhani kama mtacheka tena.

Yalianza hivi. Zamani huko Ukambani aliishi Kisilu, mpiga mishale asiye na mpinzani. Alikuwa na mwana mmoja tu, Mumo, wa miaka minane. Ulipofika wakati wa mtoto kupata upinde wake wa kwanza, Kisilu alimwendea fundi wa pinde, mzee Nzioka, peke yake.

"Mtoto yuko wapi?" fundi akauliza. "Mwenye upinde ndiye anayeupima. Avute, ashikilie, nihesabu hadi tano. Mkono ukitetemeka, nampa mwepesi zaidi."

"Mwanangu mimi apewe kijiti cha kuwindia panzi? Lete ule!" Kisilu akaunyakua upinde wa mtu mzima, akauvuta mpaka sikioni. "Huu. Ataukulia, kama shati."

"Shati halimtegui mtu bega, Kisilu."

"Kazi yako kuchonga. Mwanangu namjua mimi."

Ubishi huo, jamani! Ungekuwa chakula, tungeshiba sote.

Kila asubuhi Mumo alisimamishwa nyuma ya nyumba. "Vuta!" Anavuta, ugwe wa upinde unasogea upana wa kidole. "Vuta! Wenzako watasema nimezaa nini?" Bega lilimuuma, naye akanyamaza, maana alimpenda baba yake kupita kiasi. Mama yake akasema, "Mtoto siku hizi anakula kwa mkono wa kushoto." Akaambiwa asimdekeze.

Siku moja kitu kikalia begani, mkono ukaanguka ubavuni. Wakachua, wakakanda, wakafunga dawa. Wapi! Mkono ulizidi kukonda, ukabaki unaning'inia tu.

Kisilu hakutia kitu kinywani siku mbili. Siku ya tatu akachonga mwenyewe upinde mwepesi kabisa, ambao hata mtoto anayejifunza kutembea angeuvuta. Sijui alitumaini nini, maskini. Akampelekea mwanawe.

Mumo akaushika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haukuinuka. Basi akauma ugwe kwa meno, akavuta mpaka ufizi ukatoka damu, huku akimtazama baba yake usoni.

"Huu nimeuweza, baba," akasema. "Sasa utanifundisha kulenga?"

Kisilu alitoka akaenda kukaa nyuma ya zizi, na kilio chake kilisikika hadi kwa majirani. Hakushika tena upinde maishani mwake, na Mumo alizeeka na mkono uleule.

Kila alipomwona mzazi akienda kwa fundi bila mtoto, Kisilu alimkimbilia njiani, akamshika nguo, akamwambia neno moja tu: "Upinde wa mtoto haupimwi kwa mkono wa baba."