Jeneza la Haji Wasfi na Deni la Mji

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika nchi ya Sham, zama za mwisho za dola ya Uthmaniya, mwanzoni mwa karne ya ishirini, palikuwa na mji mdogo wa milimani uliokunywa maji ya chemchemi moja. Mwalimu aliyenisimulia kisa hiki hakuutaja mji huo jina. Nilipomuuliza, alinitazama akaniambia, "Kwani unataka kuhamia?" Basi nami nimeliacha jina kama alivyoliacha.

Mji huo ulikuwa na baraza la watu wachache wenye kuangalia soko, njia na maji. Miaka ya nyuma, baraza lililowatangulia lilikopa kwa kampuni ya wakopeshaji wa pwani ili kuyateremsha maji ya chemchemi hadi mjini. Mkopo ule ulikuwa wa riba, na riba, ndugu zangu, hailali wala haiendi likizo. Kila walipolipa waliambiwa kwamba wamelipa ziada tu, deni lenyewe bado liko pale pale. Mwisho kampuni ikawawekea kikomo: lisipolipwa deni lote kabla ya mwezi wa Muharram, kampuni itaichukua chemchemi, na watu watauziwa maji kwa mtungi. Maskini wa mji walipozisikia habari hizo walianza kuhesabu mitungi yao.

Hapo Mwenyezi Mungu akawaletea faraja. Alikuja Haji Burhani, mfanyabiashara wa mji wa Halab, mtu asiyepokea riba wala asiyeitoa. Akawaambia kwamba yuko tayari kulikodi soko la mji kwa miaka kumi na kuilipa kodi yote mbele kwa mkupuo mmoja. Kwa fedha hizo baraza litalimaliza deni la kampuni, naye atajirudishia chake kidogo kidogo kwa kuwapangisha wenye maduka. Lilikuwa jambo la halali na lenye nafuu kwa kila upande. Alitaka sharti moja tu, kwamba asifichwe deni lolote jingine, kwa kuwa soko lile lilikuwa dogo na hesabu yake ilikuwa ya kubana.

Na deni jingine lilikuwepo.

Mwaka wa ukame mabomba ya maji yalipasuka, na baraza halikuwa na kitu mkononi. Mweka hazina wa baraza, Haji Wasfi, alipanda punda akaenda kijiji cha jirani kwa mfinyanzi Mkristo aitwaye Jirjis, akamwomba mabomba mapya ya udongo. Jirjis hakuwajua watu wa baraza, lakini Haji Wasfi yeye alimjua na kumheshimu. Akampa mabomba yote kwa ahadi ya mdomo, na ahadi yenyewe ikawa kwa jina la Haji Wasfi. Maji yakarudi mjini, watu wakashukuru, na baraza likamwambia mwenzao, "Tutakulipia." Ndugu zangu, neno "tutakulipia" mnalijua.

Basi siku waliyokutana na mgeni wa Halab, Haji Burhani aliuliza mbele ya wote, "Hakuna anayeudai mji huu isipokuwa kampuni?"

Rais wa baraza, Shukri Efendi, alikuwa mtu mwerevu na mwenye kuupenda mji wake kwelikweli. Alijibu, "Juu ya baraza hakuna deni jingine."

Kwa maneno hakusema uongo. Deni lilikuwa kwa jina la Haji Wasfi, si kwa jina la baraza. Na Haji Wasfi mwenyewe, aliyekuwa mgonjwa wa kifua, ndiye aliyewaambia wenzake kabla ya kikao, "Semeni ni langu. Chemchemi ikisalimika, mtanilipia polepole." Alisema hivyo kwa ukarimu wake. Katika kikao kile alikuwamo pia Sheikh Nuumani, imamu wa msikiti wa mji na mjumbe wa baraza, mtu aliyejulikana kwa uchaji na upole. Sheikh Nuumani alijua kila kitu. Aliinamisha macho akayatazama mazulia, wala hakusema neno.

Wakakubaliana kutia saini siku ya Alhamisi, baada ya swala ya Adhuhuri.

Alfajiri ya Alhamisi hiyo, Haji Wasfi akafariki dunia. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Sheikh Nuumani alikwenda kumwosha rafiki yake kwa mikono yake mwenyewe. Wanasema alipoinua kata ya kwanza na kuyamimina maji juu ya bega la kulia la marehemu, alisita, kata ikiwa bado mkononi. Maji yale yalikuwa yamepita katika mabomba ya Jirjis. Alikuwa akimwosha maiti kwa maji ambayo maiti huyo alikuwa akidaiwa. Akaendelea kuosha kama sheria inavyotaka, lakini machozi yalimtoka mpaka msaidizi wake akadhani analia kwa ajili ya urafiki peke yake.

Alipomaliza, mjane wa Haji Wasfi, Bi Sabiha, alizungumza naye kutoka nyuma ya pazia.

"Sheikh, mume wangu alinieleza kwamba anadaiwa mabomba. Nimeshamtuma kaka yangu atafute mnunuzi wa nyumba hii. Sitaki alale kaburini na deni hata usiku mmoja."

Sheikh akamuuliza, "Na wewe na mabinti zako mtakaa wapi, Bi Sabiha?"

"Mungu ana ardhi pana," akajibu. Kisha akasema, "Hata mabomba yenyewe hayakufika uani kwetu. Sisi bado tunateka kwenye birika la sokoni. Lakini aliahidi kwa ulimi wake, na neno lake lilikuwa na uzito kwake."

Hakuwa akilalamika. Alisema kama mtu anayeeleza mpango wa siku. Sheikh Nuumani akatoka.

Nje alimkuta Shukri Efendi akimsubiri. Yule bwana alikuwa amekosa usingizi, na uso wake ulionyesha hivyo.

"Sheikh wangu," akamwambia kwa sauti ya chini, "Haji Burhani atahudhuria mazishi. Leo lile swali la deni usiliulize. Swalisha tu. Alasiri tutakuwa tumetia saini, na kesho asubuhi mimi mwenyewe nitaanza kumlipa yule mfinyanzi. Ni saa chache tu. Fikiria maskini na mitungi yao."

Nisiwafiche, ndugu zangu, maneno ya Shukri Efendi hayakuwa ya kipuuzi. Upande mmoja palikuwa na mji mzima na maji yake, na upande wa pili saa chache za kunyamaza. Wangapi kati yetu wangesita kunyamaza? Mimi nisingejiamini.

Sheikh Nuumani akawaita wabebaji. Wakalibeba jeneza.

Mnajua desturi tuliyoirithi kutoka kwa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, kwamba kabla ya kumswalia maiti huulizwa kama ana deni. Siku hizi sisi swali hilo tunaliuliza mbio mbio, na kabla mtu hajafungua kinywa, mwulizaji ameshageukia kibla. Sheikh Nuumani hakuwa hivyo. Safu zilipopangwa katika uwanja wa msikiti, Haji Burhani akiwa safu ya mbele, na Jirjis mfinyanzi akiwa amesimama nje ya ukuta mfupi, kofia mkononi, kwa heshima ya marehemu, Sheikh aliwageukia watu akauliza:

"Je, ndugu yenu huyu ana deni?"

 Wajumbe wa baraza walitazama chini. Watu walimwangalia Jirjis, maana wengi walikuwa wakijua. Jirjis alitikisa kichwa. Hakuona kuwa ni adabu kudai mbele ya jeneza.

Kaka yake Bi Sabiha akapiga hatua moja mbele ili aseme kwamba nyumba inauzwa. Sheikh akamwinulia mkono wa kumzuia.

"Mimi ndiye mwenye kuuliza," akasema, "na mimi ndiye mwenye kujua jibu. Mashahidi wangu ni Mwenyezi Mungu na nyinyi. Haji Wasfi hadaiwi. Mabomba aliyoyachukua kwa Jirjis yamezikwa chini ya njia zenu, na maji mliyotawadha leo yamepita humo. Deni ni la mji. Lilifichwa katika jina lake ili mgeni wetu asilione, nami nilikuwepo lilipofichwa, nikanyamaza. Deni hilo liko juu yangu na juu ya kila aliyekaa katika baraza lile. Sasa tumswalie."

Akageukia kibla, akaleta takbira ya kwanza.

Baada ya kuzika, watu walipoanza kutawanyika, Shukri Efendi alimfuata Sheikh kati ya makaburi. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka.

"Umeupoteza mji, Sheikh. Baraza lingelipa. Wallahi lingelipa."

"Baraza halizikwi, Efendi," akasema Sheikh Nuumani. "Tunaozikwa ni sisi."

Haji Burhani alikuwa amesimama karibu, akasikia. Akamwendea Jirjis, ambaye alikuwa amesimama nje ya ukuta wa makaburi, akamuuliza, "Ulimkopesha nani, marehemu au mji?"

Jirjis akasema, "Bwana, Haji Wasfi hakuhitaji mabomba. Niliukopesha mji. Nilimwamini yeye tu."

 Haji Burhani akawaita wajumbe wote pale pale makaburini. Aliwaambia kwamba mkataba waliouandaa ameufuta, kwa kuwa ulisimama juu ya maneno yaliyopindwa. Kuhusu soko, bado atalikodi, lakini si kwa miaka kumi. Itakuwa kumi na minne, kwa sababu deni limekuwa kubwa kuliko alivyoambiwa, na fungu la Jirjis litalipwa kwanza, siku hiyo hiyo, kabla ya kampuni. Tena akaongeza sharti ambalo hakuwa nalo mwanzo.

"Mliweza kulitia deni la watu wote katika jina la mtu mmoja," akasema. "Basi ahadi hii itieni katika majina yenu nyote, kila mmoja kwa dhamana ya nyumba yake. Soko likishindwa kunirudishia changu, nitakuja kwenu, sitakwenda kwa mjane."

Wajumbe wawili walisema hapana, wakajiuzulu palepale. Siwalaumu sana, walikuwa na watoto. Ahadi ikaandikwa pale pale, na Sheikh Nuumani akatia saini wa kwanza, karatasi ikiwa juu ya goti lake. Shukri Efendi alisimama kando, akageuka kama anayeondoka, kisha akarudi, akaichukua kalamu, akatia saini chini ya jina la Sheikh. Mwalimu wangu alipofika hapa alikuwa akisema kila mara, "Na huyu naye msimsahau." Kwani kusema kweli ukiwa mcha Mungu tangu utotoni ni jambo jema, lakini kurudi kwenye kweli baada ya kuikimbia mbele ya watu, hilo lina uzito wake kwa Mola.

Chemchemi ikabaki mikononi mwa watu wa mji. Miaka kumi na minne ni mingi, na mambo mengi ambayo mji ungeyafanya kwa kodi ya soko hayakufanyika. Njia zilibaki mbovu. Wako waliomlaumu Sheikh Nuumani kila walipojikwaa, wakisema lau angefunga mdomo asubuhi moja tungekuwa na barabara. Yeye alivumilia lawama zile, hakujitetea hata mara moja, wala hakuacha kupita njia hizo hizo kwa miguu kwenda kuswalisha.

Lakini jioni ya siku ile ya mazishi, kabla ya Magharibi, alikwenda kwenye mlango wa Bi Sabiha. Akasimama nje kama inavyostahiki, akamwambia kwamba nyumba isiuzwe, mfinyanzi ameshalipwa.

 Bi Sabiha akauliza kutoka nyuma ya pazia, "Kwa hiyo amelala bila deni?"

"Amelala bila deni, Bi Sabiha."

Hapo ndipo mama yule alipolia. Tangu alfajiri hakuwa amelia, alikuwa na nyumba ya kuuza.

Ndugu zangu, sisi tumezoea kusema: hilo si langu, ni la ofisi, hilo si langu, ni la kamati, hilo ni la chama, la shule, la msikiti. Tunalisema kwa utulivu kabisa, tena tukiwa na kiti chetu mle ndani na funguo mfukoni. Wenzetu wale wema walikuwa wakilichukua la wengi kuwa lao, wakamwondolea mtu mmoja mzigo aliobebeshwa na wengi. Mwenyezi Mungu atujaalie ujasiri wa namna hiyo, na atupe wa kutusemea siku tutakapokuwa tumelazwa mbele ya safu, hatuna tena ulimi wa kujisemea.