Nguchiro na Kesi ya Shimo la Muhanga

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa kule nyuma hamjala leo? Mbona sauti haitoki? Paukwa!

Pakawaaa!

Ehee, hapo sawa.

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na mahakama yao. Na palikuwa na Nguchiro, mdogo wa mwili, mdomo hautulii. Akasoma sheria, akasoma, akasoma mpaka macho yakamwuma. Alipohitimu, wenzake wote wakaenda kuwa mawakili wa Simba na Tembo. Nguchiro akasema, "Mimi mwaka huu mzima nitawasemea wasio na wa kuwasemea. Bure."

Mama yake akashika kichwa. "Bure? Mwanangu, umerogwa?"

"Sijarogwa, mama. Chuo nilikosoma kitanilisha mwaka huu, kazi nitawafanyia wanyonge."

Hata wiki haijapita, akaja Mama Muhanga, yule mla mchwa mwenye masikio marefu, hodari wa kuchimba. Mwanawe mgongoni. Mama mwenyewe analia, kwi! kwi! kwi!

"Kuna nini, mama?"

"Nilitoka kutafuta mchwa. Kurudi, Bwana Ngiri yumo shimoni mwangu. Ati ni lake! Na mvua hiyo inakuja, mtoto nitamlaza wapi?"

"Umeshitaki?"

"Nishitaki mimi? Mbele ya wakubwa ulimi wangu unaganda. Na pale mahakamani, asiyejibu huhesabiwa amekubali."

Nguchiro akaingiwa na uchungu. "Basi nitakuazima ulimi wangu. Wenyewe hauchoki."

Akaenda kushitaki kwa niaba yake, na siku ya kesi ikafika. Hakimu alikuwa Bibi Nyati, hapendi porojo. Ngiri akaja kifua mbele, mkia juu.

"Shimo nimelichimba mwenyewe!" akasema.

Bibi Nyati akamgeukia Mama Muhanga. "Nawe unasemaje?"

Mama Muhanga akafungua mdomo. Neno halitoki.

Nguchiro akaruka, tyu! "Mheshimiwa, namsemea mimi. Naomba nimwulize Bwana Ngiri."

"Uliza, na ufupishe."

"Bwana Ngiri, nasikia nyumbani kwako huingii ovyo ovyo kama sisi."

Ngiri akavimba kwa sifa. "Ndivyo! Ukoo wetu huingia kinyumenyume. Makalio ndani, meno mlangoni, adui akija akutane nayo. Babu kafanya hivyo, baba kafanya hivyo. Kutanguliza kichwa shimoni? Aibu! Sijafanya tangu nizaliwe!"

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja!"

"Hata siku ulipokuwa ukilichimba?"

"Hata si..." Mkia wa Ngiri ukaanza kushuka.

"Mheshimiwa," akasema Nguchiro, "basi shimo hili Bwana Ngiri kalichimba kwa makalio."

Kwa! kwa! kwa! Mahakama nzima ikaangua kicheko. Bibi Nyati mwenyewe akageuza uso pembeni, mabega yanamcheza. Nguchiro peke yake hakucheka. Alikuwa akilitazama wingu la mvua lililokuwa likija.

"Shimo ni la Mama Muhanga," akaamua Bibi Nyati. "Ngiri, toka leo hii."

Mvua ikashuka, shaa! shaa! shaa! Mama Muhanga akaingia kwake na mwanawe. Ngiri akabaki nje, analowa, mkia chini. Nguchiro akamwonea huruma. Mara Mama Muhanga akatoa pua nje, akasema mwenyewe, tena kwa sauti.

"Bwana Ngiri, ninalo shimo la zamani kule bondeni, silitumii. Nenda kakae."

Ngiri akashangaa. "Unanipa mimi?"

"Ungeniomba tangu mwanzo, ningekupa."

Ngiri akainamisha uso, akaenda zake. Mpaka leo, ngiri hukaa kwenye mashimo yaliyoachwa na muhanga.

Mafunzo yake, wakubwa kwa wadogo, ni haya: haki ya mnyonge ni haki hata akishindwa kuitamka. Aliyejaliwa elimu na ulimi, amsemee mwenzake.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni kwa Mama Muhanga. Nje mvua inanyesha, ndani pakavu, na mtoto amelala.