Nani Agonge Kengele ya Ijumaa?

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana kengele nitakayoisimulia bado inaning'inia pale pale, palikuwa na shule ya mlimani yenye vyumba saba na kengele moja. Kengele yenyewe ilikuwa ringi ya gurudumu la lori, imefungwa kwa mnyororo kwenye mkaratusi, ikigongwa kwa kipande cha nondo. Kazi yangu mimi ni kusimulia. Kazi yenu ni kuhukumu, na msije mkaniambia mwishoni kwamba mna usingizi.

Kugonga kengele ile hakukuwa kwa kila mtu. Waligonga wakubwa wa darasa la saba. Watoto wa darasa la kwanza waliitazama kwa mbali, kama mnavyotazama keki ya harusi ya watu wengine. Basi Jumatatu moja mwalimu wao, Mwalimu Mntangi, mama mfupi mwenye sauti ya kufika mtoni, aliingia darasani na mambo mawili.

La kwanza alisema hivi: "Ijumaa mwalimu mkuu atakuja kuwasikiliza mkisoma. Atafungua ukurasa ambao hatujausoma. Atakayeshindwa atakwenda kukaa na watoto wa awali mpaka muhula uishe."

La pili alisema hivi: "Na Ijumaa hiyo hiyo, kengele ya kufunga wiki itagongwa na mtoto wa darasa hili. Atagonga yule atakayekuwa amefanya kazi kubwa kuliko wote ili kusoma kufanikiwe humu ndani."

Darasa likachangamka. Walikuwa watoto arobaini na wawili, vitabu kumi na vinne. Hesabu hiyo hata nyinyi mnaiweza: watoto watatu, kitabu kimoja.

Sasa tazameni dawati la dirishani. Katikati amekaa Mwajabu, na kitabu kiko mbele yake kwa sababu ndiye anayesoma vizuri. Kushoto kwake yuko Hoza, mtoto asiyepitwa na jambo na asiyeweza kukaa na neno mdomoni. Kulia, ukutani, yuko Zaituni. Huyu Zaituni alikuwa anakiona kiwiko cha Mwajabu kuliko alivyokuwa anakiona kitabu. Kwa hiyo alisoma kwa masikio. Mwajabu akitamka, yeye anadaka, nusu pumzi nyuma yake. Na kichwa chake kilikuwa kizuri jamani, msimcheke. Kurasa zote walizosoma alikuwa nazo kichwani. Kila jioni alimsomea bibi yake jikoni, na bibi, ambaye hajui hata herufi moja, alitangaza kwa majirani wote kwamba mjukuu wake ameshakuwa karani.

Jumatatu ile mwalimu akamwita. "Zaituni, simama. Ukurasa wa tisa."

Zaituni akakishika kitabu, akasoma ukurasa wa tisa kwa sauti safi, hakukosea hata neno. Mwalimu akapiga makofi. Darasa likapiga makofi. Hoza akanyoosha kidole.

"Mwalimu, amesoma wa tisa. Lakini kitabu kimefunguka wa kumi na mbili."

Mwalimu akaja, akatazama. Ni kweli. Akachukua chaki, akaandika ubaoni sentensi moja fupi ambayo haimo kitabuni, akamwambia Zaituni asome. Zaituni aliutazama ubao. Aliutazama muda mrefu. Watoto wa nyuma wakaanza kucheka, na mmoja akasema, "Wa awali huyo." Huko awali alikuwako mdogo wake Zaituni, mwenye miaka mitano, bado anakojoa akicheka sana. Kukaa naye kiti kwa kiti, na bibi ameshatangaza kwa majirani! Niwaambie ukweli, mimi kila nikifika hapa namwonea uchungu.

Zaituni hakulia. Alisema, "Ijumaa nitasoma."

Siku ikaisha, kengele ikagongwa, watoto wakaenda kwao. Zimebaki siku nne.

Jumanne, saa ya mapumziko, Mwajabu alimshika Zaituni mkono. Mwajabu alikuwa bingwa wa kuruka kamba shule nzima, na wenzake walikuwa wanamwita, kamba inazunguka, wimbo umeanza. Hakwenda. Alibaki darasani na punje za mahindi mfukoni.

"Mimi nilijua," alimwambia Zaituni. "Tangu muhula uliopita nilijua kwamba husomi. Ndiyo maana nikawa nakunong'oneza neno la kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Ungechekwa."

"Nimechekwa hata hivyo," akasema Zaituni. "Haya, nionyeshe."

Mwajabu akapanga punje juu ya dawati. Akachora kwa punje herufi moja, wakaitamka. Akaibomoa, akachora nyingine. Walitamka mpaka kengele ya kurudi. Herufi tisa zikakaa, nyingine zikakimbia.

Zaituni akasema, "Ijumaa nitasoma."

Siku ikaisha, kengele ikagongwa, watoto wakaenda kwao. Zimebaki siku tatu.

Jumatano, kamba ikazunguka, Mwajabu hakwenda. Punje zikapangwa, zikabomolewa. Lakini safari hii Zaituni alisimama ghafla, akakivuta kitabu kwake, akafungua ukurasa wa tisa.

"Ngoja," alisema. "Huu ninaujua wote. Neno la kwanza ni kuku. Kwa hiyo hili hapa ndilo kuku. Na la pili ni anataga. Kwa hiyo hili ndilo anataga."

Akaweka kidole juu ya neno la kwanza, akalitamka, akakisogeza kwenye la pili, akalitamka. Mnaona alichokifanya? Maneno yote alikuwa nayo kichwani tayari. Kilichobaki ni kujua lipi limekaa wapi. Hilo hakufundishwa na Mwajabu, wala mwalimu. Alilifikiri mwenyewe, na alizipitia kurasa zote walizosoma hivyo, kidole kikiwa kimejaa vumbi la chaki, huku Mwajabu akimsahihisha. Uji wa saa nne hawakunywa wote wawili.

Zaituni akasema, "Ijumaa nitasoma." Na safari hii hata Hoza hakucheka.

Siku ikaisha, kengele ikagongwa, watoto wakaenda kwao. Zimebaki siku mbili.

Ila palikuwa na tatizo. Zaituni akikuta neno geni, alikuwa hasubiri. Alitazama picha, akakisia. Picha ya mti, anasema mti, kumbe limeandikwa shina. Mwajabu alimkemea mpaka akachoka, hakujua amsaidieje.

Hapo ndipo anapoingia Mbaruku. Mbaruku alikaa dawati la nyuma, mrefu kuliko wote, kwa sababu huo ulikuwa mwaka wake wa pili darasa la kwanza. Ugonjwa wake ulikuwa huo huo wa kukisia. Sasa mwalimu alikuwa na kawaida moja: kila siku baada ya uji alimwita mtoto mmoja tu mezani kwake, akamsikiliza peke yake nusu saa nzima. Orodha ya zamu ilibandikwa ukutani, na Alhamisi ilikuwa imeandikwa Mbaruku. Zamu nyingine kabla ya Ijumaa haikuwepo.

Alhamisi, baada ya uji, mwalimu akaita, "Mbaruku." Mbaruku akasimama, akasema, "Mwalimu, zamu yangu mpe Zaituni."

"Na wewe je?"

"Mimi atanionyesha yeye."

Zaituni akasema, "Nitakuonyesha. Kesho asubuhi, kabla ya kengele."

Akaenda mezani. Mwalimu akachukua kipande cha karatasi, akafunika mstari wote, akaacha kipande kimoja tu cha neno. "Usiniambie unachodhani. Niambie unachokiona." Akasogeza karatasi kidogo. "Sasa?" Akasogeza tena. Nusu saa nzima hivyo hivyo. Picha aliifunika kwa kiganja. Zaituni alitoka pale jasho likimtiririka, lakini alikuwa ameacha kukisia.

Siku ikaisha, kengele ikagongwa, watoto wakaenda kwao. Imebaki siku moja.

Ijumaa asubuhi Zaituni aliondoka nyumbani mapema ili amkute Mbaruku. Njiani akaona mfuko mtupu wa saruji, una maandishi. Akasimama, akafunika kwa kiganja, akasoma. Akafika dukani, ukutani pameandikwa bidhaa zote. Akasimama, akasoma chumvi, akasoma sabuni, akasoma mafuta ya taa. Akaokota ganda la kiberiti, akasoma. Jamani, mtoto ambaye juzi dunia nzima ilikuwa bubu mbele yake, leo kila kitu kinamsemesha. Mngekuwa nyinyi mngepita? Alifika shuleni kengele inagongwa, na Mbaruku alikuwa amesimama mlangoni tangu alfajiri, anamsubiri.

Mwalimu mkuu akaingia, akakaa, akavaa miwani. Akamwita Zaituni. Akafungua ukurasa ambao hakuna aliyewahi kuusoma. Juu ya ukurasa palikuwa na picha ya chungu kwenye mafiga, basi.

Zaituni akaifunika picha kwa kiganja. "Ba," akasema. "Baba. Baba anapika."

Darasa zima likaangua kicheko. Baba anapika! Watoto wakadhani ameshakosea, amekisia. Mwalimu Mntangi akafumba macho.

Mwalimu mkuu akasogeza miwani. "Endelea," alisema.

"Baba anapika ugali. Mama anatengeneza baiskeli."

Mwalimu mkuu akakigeuza kitabu, akawaonyesha. Ndivyo ilivyoandikwa. Kicheko kikakatika, na Zaituni akamaliza ukurasa wote mpaka nukta ya mwisho.

Akaitwa Mbaruku. Ukurasa mwingine, wenye picha ya zizi tupu. Mbaruku akaitazama picha. Akasema, "Ng'ombe wetu wamepotea." Mwalimu mkuu akasubiri. Mbaruku akarudia, "Ng'ombe wetu wamepotea." Lakini paliandikwa, Mbuzi wetu wamepotea. Mstari wa pili akakisia tena, na wa tatu tena. Mwalimu mkuu akaandika jina lake kwenye karatasi ya wanaokwenda awali. Zaituni alikuwa amebanwa na kiwiko cha Mwajabu, kiganja alichofunikia picha bado kina joto, anatazama chini.

Jioni ikafika. Shule nzima ikasimama uwanjani, mikoba mgongoni. Hakuna anayeruhusiwa kuondoka kabla ya kengele. Mwalimu Mntangi akasimama chini ya mkaratusi na nondo mkononi. "Aliyefanya kazi kubwa kuliko wote aje hapa," akasema. Wakaja watatu. Wa nne alisukumwa na wenzake.

Hoza akasema, "Ni mimi. Nisingesema Jumatatu, mwalimu mkuu angegundua leo, na leo hakuna siku iliyobaki."

Mwajabu akamgeukia. "Ulisema ili achekwe."

"Nilisema kwa sababu niliitaka kengele," akasema Hoza. "Sikatai. Lakini nilichosema kilikuwa kweli au si kweli?"

Mwajabu akasema, "Ni mimi. Siku mbili sikuruka kamba, uji sikunywa. Na maneno yote aliyokuwa nayo kichwani, yaliyomsaidia, yalitoka mdomoni mwangu."

"Na muhula mzima ukamficha," akasema Hoza.

"Nilimficha kwa sababu ni rafiki yangu."

Zaituni akasema, "Ni mimi. Mlinisaidia, lakini aliyesoma ni nani? Kitabu kile nilikifungua mwenyewe, neno kwa neno. Nilisema nitasoma na nimesoma." Kisha akamtazama yule wa nne, na sauti ikapungua. "Ila nilimwahidi Mbaruku. Nikachelewa."

Mwalimu akamgeukia Mbaruku. "Na wewe?"

"Mimi sidai, mwalimu. Nimesukumwa tu."

"Kwa nini ulimpa zamu yako?"

Mbaruku akakuna kichwa. "Mimi nimezoea kurudishwa," akasema. "Yeye hajazoea."

Mwalimu Mntangi akaitazama nondo mkononi mwake. Kisha akasema taratibu. "Na mimi muhula mzima nilipiga makofi, sikuwahi kutazama kitabu kimefunguka wapi." Akainyoosha nondo mbele yake.

Basi wasikilizaji, mimi nimefika mwisho wa njia yangu. Wewe unayetikisa kichwa, nimekuona, utasema Hoza ana roho mbaya. Sawa, lakini mtoe Hoza kwenye hadithi halafu uniambie Zaituni angekaa wapi Jumatatu inayofuata. Na wewe unayefuta machozi kwa ajili ya Mbaruku, kengele ilikuwa ya kusoma, na Mbaruku hakusoma. Msinijibu haraka.

Watoto mia tatu wanasubiri kwenda kwao. Nondo iko hewani. Mkono wa Hoza umenyooshwa. Mkono wa Mwajabu umenyooshwa. Mkono wa Zaituni umenyooshwa nusu. Mbaruku ameficha mikono yake nyuma ya mgongo.

Je, nani alistahili?