Jiwe la Kiboko Linataka Jua

Hapo zamani, watoto, wanyama walipokuwa bado na ofisi zao, Kiboko alikuwa karani wa vibali vya kunywea maji. Alikaa kitini tangu asubuhi hadi jioni akigonga mhuri. Pa! Pa! Pa! Akitaka chai, alimwita Pimbi, tarishi wake. Akitaka wino, Pimbi. Hata kalamu ikimwangukia miguuni, Pimbi.

"We Pimbi!"

"Naam, mzee. Nimetoka humo sasa hivi."

"Rudi. Niokotee kalamu. Mgongo unaniua."

Na kweli ulikuwa unamuua. Alikuwa na jiwe la mviringo la kukandia. Aliliweka kati ya mgongo na kiti, akajisugua, akaguna "Aaah," kisha akaendelea kukaa. Kesho yake maumivu yako pale pale, naye analilaumu jiwe. Mtu mzima mzima! Inaudhi, jamani.

Harusi ya bintiye, Somoe, ilikuwa inakaribia. Kwa desturi ya viboko, baba humsindikiza biharusi kwa miguu kutoka nyumbani hadi mtoni kwa mumewe. Baba akishindwa, mjomba hushika nafasi yake. Na Kiboko na shemeji yake walikuwa hawapikiki chungu kimoja.

"Baba, utaweza kweli?" Somoe aliuliza, machozi yakimlengalenga.

"Jiwe litanisaidia," Kiboko akajibu. Alikuwa amekaa.

Pimbi aliposikia hayo, alichoka kabisa. Yeye alichotaka ni usingizi kidogo tu, hata kama ni wa kiti cha watu.

"Mzee," akasema, "jiwe lako limepoa. Linataka jua la kule kwetu mwambani, juu ya kilima."

"Haya, lipeleke."

"Nikilipeleka mimi, litaponya mgongo wangu. Dawa humfuata aliyeibeba."

Kiboko akanuna, akanung'unika, akaondoka nalo. Tu! Tu! Tu! Pimbi akarukia kitini, akakunja miguu, akatafuna karanga na kusinzia.

Ikawa ndiyo kazi ya kila siku. Kiboko alipanda kilima, akalianika jiwe hadi likapata moto, akashuka, kisha akajikanda nalo mwili ukiwa bado na joto la safari. Mwanzoni alilaani kila mwinuko. Baadaye alianza kupiga mluzi.

Siku ya harusi Kiboko alitangulia mbele, mgongo umenyooka, Somoe kamshika mkono. Mjomba alifuata nyuma. Kiboko alifurahi mpaka akasahau kugombana naye.

"Pimbi yuko wapi?" akauliza pilau ilipopakuliwa. "Nataka kumshukuru."

Alimkuta ofisini, kitini.

"Njoo ule, bwana."

Pimbi akajaribu kuinuka. Ka!

"Uuui, mgongo! Niletee huku huku, mzee. Halafu nisamehe, ile habari ya jua nilikudanganya. Nilitaka uondoke nikae."

Kiboko akamtazama, akatazama kilima dirishani, akacheka hadi meza ikatikisika. Kisha akaliweka jiwe mlangoni, mahali ambapo Pimbi asingelifikia bila kusimama.

"Chukua. Njia ya mwambani unaijua, ni kwenu."

Basi inukeni, watoto, mmekaa mno: jiwe hukanda mgongo, lakini halitembei kwa niaba yako.