Kitovu cha Nguo ya Mama

Jifya moja haliinjiki chungu, walinena wahenga. Chungu kikiwekwa juu ya jiwe moja hupinduka, hata jiwe lenyewe liwe kubwa na gumu kiasi gani. Na Sendi alikuwa jiwe gumu.

Nyumba ndefu ya Nanga Semilu, huko Sarawak, ambamo kila mlango ni makao ya familia moja, iliteketea milango yote. Ndani yake ikateketea nguo ambayo marehemu mama yake Sendi aliiota usingizini, kisha akaifuma. Sasa nyumba mpya ilikuwa imesimama, nayo ingefunguliwa sikukuu ya mavuno mbele ya wageni wa mito jirani. Nyumba isiyotundika nguo yake siku hiyo ni kama bwana harusi aliyekuja bila shati.

"Nitaifuma mwenyewe," Sendi aliapa. "Ninayo yote kichwani."

Kingo alizipata. Kitovu cha nguo, mchoro wa katikati, ndicho kilichompiga chenga. Alifunga nyuzi mafungu mafungu, ili rangi isiingie palipofungwa na mchoro utokee, akazifungua. Akafunga tena, akafungua tena. Nyuzi zilizofungwa vibaya zikishatiwa rangi hazirudi nyuma, na kwa watu wake mchoro uliokosewa humletea mfumaji maradhi. Sendi akakonda kama sindano.

Shemeji yake, Ringkai, aliyekuwa likizoni kutoka mjini, akamwonea huruma.

"Shemeji, nguo ile ilitundikwa kila harusi. Watu wengi humu wana picha zenye kipande chake simuni."

"Simu yangu iliungua. Na simu zao zenyewe hazisalimiani! Hii ya aina hii, ile ya aina ile. Mtandao nao mpaka upande kilima."

"Hatuhitaji mtandao, wala waya. Wewe waite tu watu."

Mikeka ikatandikwa kwenye baraza linalopita mbele ya milango yote. Ringkai akawasha kompyuta yake, nayo ikarusha mawimbi yake yenyewe, ya kutosha baraza zima. Kila mwenye simu akajiunga, akafungua ukurasa mmoja, akachagua picha, akabonyeza. Picha zikamiminika kama mpunga ghalani, kila moja na jina la mtumaji.

"Kumbe hata simu ya mzee Unggang imo, ile ya kupasulia karanga!" mtu akatania.

"Nyamaza! Hiyo yako ya bei mbaya imetuma nini? Sahani ya nyama ya nguruwe!" mzee akajibu, na baraza likaangua kicheko.

Pembe moja ya nguo ilipatikana nyuma ya bibi harusi, nyingine juu ya kichwa cha mlevi. Lakini kitovu! Kila mara palikuwa na mtu amesimama mbele yake.

Ndipo ikaingia picha iliyopigwa kwa karibu, safi kama maji ya chemchemi, ikionyesha uzi kwa uzi. Chini yake jina: Mengan.

Kicheko kikakatika. Mengan alikuwa mfumaji, mshindani wa Sendi tangu usichana. Na kwa desturi yao mchoro ni mali ya aliyeuota. Kuuchukua bila kuomba ni wizi.

"Niliupiga picha ili niuige," Mengan alisema, macho chini. "Sikuthubutu. Leo ningeifuta na msingejua. Lakini nyumba itatundika nini?"

Hasira ilimpanda Sendi kama mto uliofurika. Kisha akakitazama kitovu. Mamba wawili aliowakumbuka wakitazamana, kumbe walipeana migongo. Peke yake angefuma maradhi yake mwenyewe. Akavua shanga shingoni, akamwendea Mengan na kumpa, kama anavyopewa mwenye mchoro.

"Mchoro wa mama umetunzwa kwako, dada. Naomba ruhusa niuchukue."

"Unaniomba mimi? Mchoro ni mali yako!"

"Basi njoo tuufunge pamoja, kabla sijakumbuka kukugombeza."

Siku ya sikukuu nguo ilitundikwa, nyekundu kama damu ya jogoo, na wageni wakasongamana kuitazama. Bibi mmoja mfumaji kutoka mto wa pili akaipapasa kitovuni, akatikisa kichwa kwa mshangao.

"Mkono wa nani huu?"

Sendi akatunisha kifua. Akanyoosha mkono kuanzia mlango wa kwanza wa baraza hadi wa mwisho, akitabasamu.

"Wetu sote, bibi."

Hakika, jifya moja haliinjiki chungu.