Zamu Haina Mjomba

Zamu haina mjomba. Ndiyo maneno niliyowaambia asubuhi pale mashineni, mlipotaka kupitisha debe letu mbele ya watu kwa kuwa kijana anayesaga ni rafiki yenu. Tukangoja, dizeli ikaisha kabla hatujafikiwa, na leo tutakula viazi. Mmeninunia njia nzima, na sasa mnauliza nimeyatoa wapi. Kaeni basi niwaeleze, ingawa si habari ya kufurahisha.

Yalianzia Ikongwe, huko milimani Upare, kijiji walikotoka wazee wetu kabla ya kushuka huku tambarare. Mvua ya huko ilikuwa ya kubahatisha, lakini watu walikula, kwa sababu walikuwa na ndiva, yaani bwawa la udongo lililochimbwa na babu zao juu ya mashamba. Usiku kijito kililijaza, asubuhi likafunguliwa, na maji yote yakaenda kwa mwenye zamu. Kesho yake mwingine. Pembe ikipulizwa, kila nyumba ilitoa mtu wa kuzoa tope na kushindilia ukingo, wala hakuna aliyesukumwa. Mtu alijua kwamba akitoa jasho leo, siku yake ikifika maji yatakuja. Kwa uhakika huo walithubutu kupanda tangawizi, zao linalokaa ardhini muda mrefu, na wanunuzi walipanda mlima kuifuata.

Zamu zilisimamiwa na mgawa maji. Kila baada ya mavuno watu walikutana ndivani wakamchagua, kila mmoja akisimama nyuma ya anayemtaka. Wakati huo alikuwa Senkondo, mtu mpole, mcheshi, asiyeweza kumwona mtu akilia. Msidhani alikuwa mwizi. Mwizi wangemshtukia mapema.

Kiangazi kimoja kilikuwa kikali. Mpwa wake, Kajiru, alikuwa amechelewa kupanda, na zamu yake ilikuwa bado mbali. Akaja kwa mjomba akilalamika kwamba mahindi yake yanakauka. Kwetu mpwa akikulilia, humwachi aondoke mikono mitupu. Senkondo akamfungulia maji siku ya Nakijwa, mjane mwenye shamba la chini, ambaye mahindi yake ndiyo kwanza yalikuwa yakitoa mbelewele. Mahindi yakikosa maji wakati huo hayasamehe.

Nakijwa alikaa na jembe lake kando ya mfereji mkavu mpaka jua likawa kali, kisha akapanda hadi kwa Senkondo.

"Shikamoo, baba. Maji yangu yamekwenda wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Nimempa Kajiru. Amenililia, na ni mtoto wa dada yangu. Wewe ungefanyaje?"

"Ningelia naye. Kisha ningempa maji siku yake."

"Ni mara moja tu. Vumilia, nitakufidia."

"Kwa zamu ya nani?"

Wazee waliokuwa wameketi na Senkondo wakamwambia Nakijwa aache ukorofi, mambo ya ukoo hayaingiliwi.

"Sawa," akasema. "Kajiru ana mjomba. Lakini zamu haina mjomba, baba. Ukiipa mjomba, itakufa."

Wakacheka. Yakawa ndiyo maneno ya kutaniana pombeni.

Mahindi ya Nakijwa yakatoa magunzi matupu, na watoto wake wakawa wanakula kwa majirani. Mambo hayakuishia hapo. Baada ya mpwa akaja shemeji, akaja mkwe, akaja mwenye mbuzi wa kuleta. Senkondo angemkatalia nani, na mlango ameufungua mwenyewe? Pembe ikipulizwa, watu walichungulia kwanza kama akina Kajiru wametoka. Hawakutoka, basi nao wakabaki ndani. Nani azoe tope kwa ajili ya maji asiyojua kama atayaona? Tangawizi waliing'oa ikiwa changa, wakauza hicho kidogo, wasipande nyingine. Wanunuzi wakaja, wakakuta magunia hayajai, wakashuka wasirudi tena.

Mtasema, si wangemwondoa? Mavuno yalipokwisha walikutana ndivani kama desturi. Nakijwa akamtaja mtu mwingine, Mchome, akaenda kusimama nyuma yake. Alipogeuka alijikuta peke yake. Wale wale waliokuwa wakimlalamikia Senkondo kisimani walikuwa upande wa Senkondo, wakitazama miguu yao. Kila mmoja aliliwaza shamba lake. Mtu ambaye maji yake yamo mkononi mwa mwingine hachagui, anaitikia tu. Walisimama, wakahesabiwa, wakapiga vigelegele. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Masika yaliyofuata yalikuja na nguvu. Ukingo usioshindiliwa ukaanza kuvuja. Senkondo akapuliza pembe, akapuliza mpaka midomo ikavimba. Kila nyumba ilisikia, na kila nyumba ikangoja ya jirani itoke kwanza. Ukingo ukapasuka, maji yakashuka na udongo wa mashamba, la Kajiru likiwa la kwanza.

Kiangazi kilipofika, Kajiru, aliyekuwa amepanda tena kwenye udongo uliobaki, alikwenda kwa mjomba wake. Akamkuta amekaa ukingoni mwa shimo lililobaki la ndiva, pembe ikiwa mapajani.

"Mjomba, mahindi yangu yanakauka."

Senkondo akamwonyesha shimo kwa ile pembe.

"Mimi nipo, mwanangu," akasema. "Maji ndiyo hayapo."

Kisha akauliza Nakijwa yuko wapi. Kajiru akamwambia ameshashuka tambarare na watoto. Wengine wakamfuata, nyumba baada ya nyumba, mpaka Ikongwe ikarudi kuwa pori. Wengi hawakuwa na cha kubeba. Walishuka na yale maneno waliyoyacheka, wakatufundisha sisi.

Haya, menyeni viazi. Kesho tutarudi mashineni, na mtasimama nyuma ya wote mtakaowakuta, hata rafiki yenu akiwakonyeza. Na dizeli ikiisha tena, tutakula viazi tena. Zamu haina mjomba.