Karavani ya Bi Subilaga na Udongo wa Kwanza

Hapo zamani, na wala si zamani sana, maana Landrova nitakayoitaja bado inapiga honi huku kwetu Kyela, alikuwapo mwanamke aliyerudi kwao na nyumba yake. Hakurudi na mabati ya nyumba, wala mbao za nyumba. Alirudi na nyumba yenyewe, ina mlango, ina kitanda, ina pazia, inavutwa na gari. Wewe hapo nyuma, acha kucheka. Mwanamke huyo ni dada yangu, na kuna neno limenikaa kooni tangu siku tulipomzika. Nataka mnitolee.

Dada yangu aliitwa Subilaga. Aliolewa juu mlimani, kwenye mashamba ya chai, na Ambilikile, fundi mitambo wa kiwandani. Waliishi nyumba ya kampuni. Mtoto hawakujaliwa. Ambilikile alipofariki, kampuni ilimpa dada pole na blanketi, kisha ikamwambia mvua zikiisha nyumba inatakiwa, kuna fundi mwingine anakuja na familia yake.

Alichobaki nacho ni karavani. Mnaijua karavani? Ni kijumba cha bati chenye magurudumu mawili. Wazungu walikuwa wakikifunga nyuma ya gari wanakwenda kulala porini, sijui majumbani kwao walikimbia nini. Hii aliiacha mhandisi mmoja wa barabara, akampa shemeji yangu kwa kumtengenezea gari. Ikakaa nyuma ya jiko miaka na miaka, kuku wanatagia ndani.

Mimi nilikuwa na kiwanja cha kumpa huku bondeni. Nyumba sikuwa nayo. Basi dada akaitazama ile karavani, akasimama mbele ya watu akiwa bado kwenye nguo za msiba, akasema:

"Sina mtoto, mnajua. Atakayenifikisha kwetu na nyumba hii, huyo ndiye mwanangu. Nikifa, udongo wa kwanza atautia yeye, na nyumba itakuwa yake."

Kwetu udongo wa kwanza kaburini hutiwa na mtoto wa marehemu. Asiye na mtoto hutiliwa na yeyote. Dada yangu aliliogopa hilo "yeyote" kuliko alivyoogopa kufa kwenyewe. Aliniambia mwenyewe, tukiwa tunamenya maharage.

Wakajitokeza watu. Msichanganyikiwe mapema, mimi ndiye wa kuchanganyikiwa.

Kwanza alikuja Anyosisye, seremala. Akabandua bati, akakuta mbao za ndani zimeoza, ukizifinya zinatoka unga. Zilikuwa mbao za paini, nyepesi. Anyosisye akasonya.

"Mama alale kwenye paini? Wadudu wataila, halafu wamle na yeye."

Akajenga upya kwa mninga. Fremu mninga. Sakafu mninga. Kitanda mninga. Kabati mninga, refu mpaka kwenye paa. Akaziba paa, akapaka rangi ya maziwa na mstari wa kijani. Mvua ikanyesha, dada akaingia akakaa, tone halikudondoka. Akalia kwa furaha. Na kweli, ukiiona ile kazi ungesema huyu ndiye mtoto, yamekwisha, twende tukale.

Ngojeni. Mninga ni mzito, jamani. Karavani ilikaa chini kama ng'ombe aliyegoma, tairi zikagusa bodi. Walipoisukuma, kitu kikalia huko chini, kwaa! Wote wakaruka.

Ndipo akaitwa Lugano. Ni mwanamke mchomeleaji, ana karakana yake njia panda. Lugano akalala chali chini ya karavani, akakaa huko mpaka watu wakamsahau. Alipotoka alikuwa na kutu usoni.

"Ekseli hii haifai," akasema. Ekseli, kwa wasiojua, ni chuma kinachopita chini kutoka tairi hadi tairi, na mzigo wote uko juu yake. "Ilitengenezwa kubeba paini na Wazungu wawili wembamba. Mkiondoka nayo, mteremko wa kwanza tu mmekwisha."

"Kwa hiyo kosa ni mninga wangu?" akauliza Anyosisye.

"Sijasema kosa. Nimesema uzito."

"Si ubadilishe hicho chuma chako, basi?"

"Nitabadilisha. Na wewe utoe kabati. Liko nyuma mno, linavuta mkia."

"Kabati langu halitoki!"

Na halikutoka. Tangu hapo hawakusemeshana, wakawa wanatumiana salamu za chuki kupitia kwa dada. Lugano akaikata ile ekseli ya kale, akatafuta ya pikapu iliyokufa, nene, yenye breki zake na springi zake, akaichomelea na vyuma vya kuikaza. Mbele, pale gari linapofungwa, akaweka mnyororo wa akiba. Akaweka na waya wa breki, ili kulabu ikichomoka, waya uvute na tairi za karavani zijikamate zenyewe. Kazi hiyo yote haionekani. Ukiitazama karavani unaona mninga na mstari wa kijani.

Halafu akatoa masharti: "Mizigo ikae juu ya ekseli, au mbele yake kidogo. Nyuma msiongeze kitu, mkia ukiwa mzito nyumba itayumba na gari litayumba nayo. Na mtu asipande ndani, hata mmoja."

"Nimesikia, dada," akaitika Gwamaka. Huyu ndiye dereva, mwenye Landrova. Mke na watoto walikula kutokana na hiyo Landrova, hawakuwa na kingine.

Siku ya safari dada akafungua mlango wa karavani akaingia ndani.

"Mama, Lugano alisema..."

"Gwamaka mwanangu, nilitoka kwetu kwa miguu, nimebeba begi kichwani. Leo narudi nimekaa ndani ya nyumba yangu." Akavuta pazia. Ungemfanya nini? Hata mimi ningemwacha.

Wakaondoka. Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo akili yangu inapoanza kugonga ukuta. Ukoo wa Ambilikile umejipanga kando ya barabara ile yote. Na kwetu mjane akirudi kwao mikono mitupu, maana yake wakwe wamemfukuza. Kwa hiyo nyumba ya kwanza tu, wifi yake Tusekile yuko barabarani.

"Simama, dereva! Wifi hawezi kwenda hivi hivi!" Mkungu wa ndizi. Ingiza.

Nyumba ya pili. "Simama, dereva! Sisi hatukumfukuza!" Mkungu wa ndizi, na gunia la viazi. Ingiza.

Nyumba ya tatu, ya nne, na zile za baada ya kanisa. "Simama, dereva!" Ingiza, ingiza, ingiza. Na mlango wa karavani uko wapi? Nyuma. Na kabati liko wapi? Nyuma. Gwamaka akajaribu kusema habari ya mkia. Tusekile, ambaye alikuwa anawasindikiza kwa miguu kwa jinsi walivyokwenda polepole, akamjibu, "Huyo Lugano wako ameolewa ukoo huu? Ingiza!" Akaingiza. Angekataa, angemwaibisha dada yangu mbele ya wakwe siku yenyewe ya kuagana. Hivi mngekataa ninyi?

Wakafika mteremko mkali, genge upande wa kushoto, ukuta wa mwamba upande wa kulia. Karavani ikaanza kuyumba. Kidogo, halafu zaidi, halafu ikawa inaitupa Landrova huku na huku. Gwamaka hakukanyaga breki kwa pupa, alishika usukani ukae sawa. Kulabu ikachomoka. Mnyororo wa Lugano ukadaka. Waya ukavuta, tairi za karavani zikakamata, lakini bado nyumba inateleza, inaelekea gengeni na dada yangu ndani.

Gwamaka akakata usukani kulia. Akaipeleka Landrova yake kwenye mwamba, ubavu wake yeye, mlango wake yeye, akaisugua mpaka ikasimama. Karavani ikavutwa na mnyororo, ikageuka ikagonga mwamba kwa pembe ya nyuma, puu!

Gwamaka akatoka kwa mlango wa abiria, goti linavuja damu, anaita, "Mama! Mama!" Bati limebonyea, rangi imekwaruzika. Fremu ya mninga haikuachia hata kiungo kimoja. Akafungua mlango, ndizi zilizopondeka zikammwagikia miguuni. Na kule mbele kwenye kitanda amekaa dada yangu na kitabu chake cha nyimbo.

"Mbona tumesimama?" akauliza. "Nilidhani ndivyo zinavyotembea."

Wakahamisha mizigo mbele, wakafunga kulabu upya, wakashuka taratibu. Jioni hiyo nilimpokea dada yangu akiwa na nyumba yake, nikamkumbatia, nikanuka ndizi mpaka kesho yake. Habari zikaenea, seremala na mchomeleaji wakaja kumwona. Watu wakamuuliza, "Haya, Bi Subilaga, mwanao ni nani?"

Dada akawatazama watatu wale, mmoja mmoja. "Kunyweni chai kwanza," akasema.

Wakanywa chai miaka. Anyosisye alikuwa anakuja kila mvua zikikaribia, anapanda juu ya paa, anakagua. Lugano alikuwa anakuja mvua zikiisha, anainua karavani kwa jeki, anazungusha tairi, anapaka grisi. Nikamuuliza, "Wewe, nyumba hii haiendi popote, grisi ya nini?" Akanijibu, "Mama anaweza kutaka kutoka." Gwamaka ndiye aliyempeleka hospitali kila alipougua, akiingilia mlango wa abiria na kuuburuza ule mguu, maana mlango wake haukufunguka tena na goti halikupona sawasawa. Kila nikimbana dada aseme, ananipa kikombe. Mpaka akafariki na neno lake tumboni.

Sasa njooni kaburini. Jeneza limeshashushwa. Mchungaji akasema, "Mtoto wa marehemu atangulie."

Wakainama watu watatu. Mikono mitatu ikainuka na udongo. Wakatazamana.

Anyosisye akasema, "Ningeacha paini, nyumba ingepasuka pale mwambani, na mama asingetoka. Na bila mimi ilikuwa banda la kuku. Mimi ndiye niliyemfikisha."

Lugano akasema, "Mninga wako ndio ulioua ekseli ya kwanza, na kabati lako ndilo lililoanza kuvuta mkia. Bila ekseli yangu wasingefika hata kanisani. Bila mnyororo na waya, wangekuwa gengeni wote. Mimi ndiye niliyemfikisha."

Gwamaka akasema, "Mnyororo wako ulikuwa unanivuta na mimi gengeni, dada. Ningeweza kuruka. Nilivunja gari langu na goti langu. Mimi ndiye niliyemfikisha."

"Nani aliyepakia ndizi nyuma?" Lugano akamgeukia. "Nani aliyemwacha apande?"

Kabla hajajibu, Tusekile akapaza sauti kutoka kwa akina mama: "Na hizo ndizi, nani asemaye mabaya ya ndizi zetu? Si ndizo zilizopokea kishindo cha mwamba? Hapangekuwa na ndizi, pangekuwa na mifupa!"

Mchungaji akafunga kitabu. Watu wakaguna, wengine wakaanza kubishana pale pale juu ya maiti. Alipokuwa anasema seremala, niliitikia kwa kichwa. Alipokuwa anasema mchomeleaji, niliitikia kwa kichwa. Nilipoliona goti la dereva niliitikia tena, mke wangu akanikanyaga mguu. Mtu akasema wote watatu watie kwa pamoja, yaishe. Anyosisye akakataa kutia udongo mmoja na mtu aliyeuita mninga wake mzigo. Lugano akasema ahadi ilikuwa ya mtoto mmoja, na mama hakuwa mtu wa kutengua. Gwamaka alikuwa analia, na nyumba ile aliihitaji kuliko wenzake wote.

Nami nilijua jambo moja tu. Nikimtaja mmoja, wawili wataweka udongo chini na kuondoka, na dada yangu atakuwa amepoteza watoto wawili siku aliyozikwa. Nisipomtaja hata mmoja, atatiliwa na yeyote, kile kile alichokiogopa. Udongo ulikuwa mbichi, ukaanza kudondoka kati ya vidole vyao.

Wakanigeukia wote watatu. Na wote watatu, hawakupangana, wakaniita kama wanavyoitwa ndugu za mama. "Mjomba," wakasema, "sema wewe."

Nilichokisema siku ile sikisemi hapa, maana hadi leo nikipita pale kaburini natembea haraka. Ninyi mmesikia yote, na hakuna wa kuwapa kikombe cha chai. Wekeni miguu yenu pale nilipoweka yangu, kaburi liko wazi, mikono mitatu iko juu, wanasubiri. Je, yupi kati yao alistahili kuwa mtoto wa dada yangu?